Kachumbari ya Krismasi Imesafiri Kuliko Wewe

Kuna maneno nimeyasikia kila Desemba tangu nianze kuaminiwa na kisu: "Hiyo saladi ni chakula ya wazungu." Kwa kawaida anayeyasema amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe, soda mkononi, na mbele yake kuna pilau na chapati tatu. Hajiulizi pilau ilitoka wapi. Hajiulizi chapati ilitoka wapi. Shida yake ni nyanya tu.

Halafu kuna wale wa upande wa pili, na hao ndio wananisumbua zaidi. Wao wanaona sahani ya mboga za rangi rangi ndiyo inaonyesha kwamba boma limeendelea. Bila saladi, sherehe ni ya kishamba. Osuga na dek? Hizo acheni huko jikoni, wageni wasione.

Mimi ni mtu wa Homa Bay kwa baba na Migori kwa mama. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilikataa, na siku hizi kazi yangu ni simu, video na maneno kama haya. Lakini historia sikuiacha. Na nasema hivi: hao wote wawili wamekosea, na ushahidi uko ndani ya bakuli. Hebu tuchambue kitu kimoja kimoja.

Saladi ya Krismasi kwetu ni kachumbari iliyovaa nguo za sherehe. Siku ya kawaida kachumbari ni nyanya, kitunguu, dania na pilipili, ile ile ya jamaa wa smoki na mayai boilo pale stendi. Krismasi ikifika tunaongeza: karoti, tango, hoho ya kijani, na ile nyekundu kama mfuko unaruhusu, kabichi ya zambarau, ovakado, kisha ndimu juu. Rangi zake zinatosha kupaka matatu.

Anza na nyanya. Asili yake ni Amerika, na Waazteki wa Mexico waliiita tomatl. Hao hao ndio waliokuwa na neno ahuacatl, ambalo limepita midomo mingi mpaka likatufikia kama ovakado. Kabla Columbus hajavuka Atlantiki mwaka wa 1492, hakuna mtu Afrika, Asia wala Ulaya aliyekuwa ameonja nyanya, hoho au hii pilipili kali tunayoijua. Mwitaliano hakuwa na mchuzi mwekundu. Mhindi hakuwa na pilipili mbuzi. Wote walikuwa wanasubiri meli.

Wahispania waliiteka Mexico mwaka wa 1521, kwa damu nyingi, na mimea ya wenyeji ikaanza kusafirishwa. Upande wetu wa dunia, njia ya bahari walikuwa nayo Wareno. Vasco da Gama alitia nanga Malindi mwaka wa 1498, na ujenzi wa Fort Jesus pale Mombasa ulianza mwaka wa 1593. Katika karne hizo, mimea ya Amerika ikaanza kuingia Afrika: mahindi, mihogo, viazi vitamu, njugu karanga, malenge.

Rudia hiyo orodha polepole. Mahindi. Yaani ugali mweupe tunaouita "chakula chetu" ni mgeni sawa na nyanya. Kuon ya mababu ilisongwa kwa bel na kal, yaani mtama na wimbi. Viazi vitamu vya Kabondo, vile vinavyojaza malori kwenda Nairobi, babu yao ni wa Amerika. Hata susa, majani ya malenge ambayo kila mtu anaapa ni mboga ya kienyeji kabisa, yanatoka kwenye mmea uliovuka bahari.

Na waliobaki kwenye bakuli? Kitunguu asili yake ni Asia ya Kati. Tango ni la India. Karoti ilianza kulimwa upande wa Uajemi na Afghanistan, ikiwa ya zambarau na ya njano. Hii ya rangi ya machungwa ilipata umaarufu Uholanzi katika karne ya 17. Ndimu ilitoka Kusini Mashariki mwa Asia, na Waarabu wakaisambaza. Kabichi ni ya Ulaya. Dania ni ya zamani kiasi kwamba mbegu zake zilikutwa kaburini mwa Tutankhamun kule Misri. Kwa hivyo mtu akikuambia saladi ni ya wazungu, mwambie wazungu wana kabichi tu hapo. Nyingine walizikuta kwa watu.

Lakini kuna kitu kimoja kiliniacha mdomo wazi. Nyanya na osuga ni ndugu, na sisemi kwa mafumbo. Wataalamu wa mimea wameziweka kwenye jenasi moja inayoitwa Solanum, pamoja na biringanya, waru na nyanya chungu. Siku moja ukiwa shambani, chukua ua la osuga uliweke karibu na ua la nyanya. Yote mawili yana umbo la nyota, na katikati kuna kitu cha njano kilichochongoka. Sasa angalia lile tunda dogo la osuga, lile tulilokuwa tunachuma tukiwa watoto: ni nyanya iliyokataa kukua. Ukoo mmoja. Mmoja alibaki upande huu, mwingine akakulia ng'ambo ya bahari, wakaja kukutana kwenye soko la Oyugis. Na sisi, kwa akili zetu, tukamweka mmoja mezani mbele ya wageni na mwingine nyuma ya mlango.

Sasa tuje kwenye jina. Kachumbari si neno la Kibantu, wala si la Dholuo. Ni neno la Kihindi. Wagujarati wanasema kachumbar, na maana ni hii hii, mboga mbichi zilizokatwa katwa na kutiwa kitu cha uchungu cha kuamsha ulimi. Wahindi na Waswahili wa pwani wamefanya biashara pamoja kwa karne nyingi, kwa hivyo Kiswahili kilipopanda treni kuja bara, neno lilikuwa tayari lina tiketi.

Treni yenyewe unaijua. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka wa 1896, ukafika ziwani, pale Kisumu iliyoitwa Port Florence wakati huo, mwezi wa Desemba 1901, siku chache kabla ya Krismasi. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India. Karibu 2,500 walikufa njiani, kwa magonjwa, ajali na simba wa Tsavo. Wengi waliosalia walirudi kwao, lakini kama 6,700 walibaki. Watu hupenda kusema hao vibarua ndio waligeuka wenye maduka, lakini kwa sehemu kubwa haikuwa hivyo. Vibarua wengi walikuwa watu wa Punjab. Wenye maduka wengi walikuja wenyewe, kwa pesa zao au za ndugu, kutoka Gujarat na Kutch. Aliyekuwa mkubwa wao ni Alidina Visram wa Kutch, ambaye mtandao wake wa maduka ulianzia pwani ukafika Uganda. Alifariki mwaka wa 1916.

Kutoka Kisumu, safari iliendelea kwa maji. Meli za mvuke zilizunguka ziwa, zikishusha na kupakia mizigo Kendu Bay, Homa Bay, na Karungu, ambayo leo iko Nyatike, Kaunti ya Migori. Wengi hawajui kwamba Karungu ilikuwa kituo cha serikali ya kikoloni kabla makao hayajahamishiwa Kisii mwaka wa 1907. Mahali meli inaposimama, duka linafunguliwa. Ndiyo maana Kendu Bay hadi leo ina majengo ya zamani ya maduka ya Wahindi. Na wakati huo huo wanaume wa Nyanza walikuwa wanaenda mbali: bandarini Mombasa, kwenye reli, kwenye chai kule Kericho. Walirudi na sukari, majani ya chai, mashati, na ulimi uliozoea vitu vipya.

Ushahidi mwingine uko mdomoni mwetu. Sikiliza Dholuo ikiongea kuhusu mboga: osuga, dek, apoth, boo, ododo, mitoo. Majina yetu. Sasa uliza nyanya inaitwaje. Nyanya. Kabichi? Kabich. Lugha huwa haidanganyi. Kitu kikija na jina lake, jua kilikuja na begi.

Halafu wenye neno wakaondoka. Mwaka wa 1967 Kenya ilipitisha sheria ya leseni za biashara iliyowazuia watu wasio raia kufanya biashara sehemu nyingi nje ya miji mikubwa. Wahindi wengi wa miji midogo walikuwa na pasipoti za Uingereza. Maduka yakafungwa au yakabadilisha mikono. Unaweza kusema ilikuwa haki, kwamba Mwafrika alihitaji nafasi ambayo mkoloni alimnyima. Unaweza pia kusema kuna familia zilizozaliwa hapa zikajikuta zinafungasha. Yote mawili ni kweli. Ninachojua ni kwamba duka lilifungwa, bakuli likabaki. Leo hakuna mtu Homa Bay anayekula kachumbari akiwaza Gujarat. Imekuwa yetu kwa njia ya kawaida kabisa: tumeilima, tumeikata, tumeila, tumeizoea.

Kwa hivyo mjomba wa chapati tatu nimemaliza naye. Nije kwa wale wanaoficha osuga.

Kwanza tuelewe aibu hiyo ilitoka wapi, maana haikuota yenyewe. Mkoloni alikuja na kodi ya nyumba, na kodi ilitaka pesa. John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Nyanza kuanzia 1907, alisukuma sana mazao ya kuuza, akagawa mbegu. Kilichohesabiwa kuwa kilimo ni kile kinachopimwa kwenye gunia. Osuga na dek hazipimwi kwenye gunia. Zinaota zenyewe kando ya zizi, mwanamke anachuma na leso yake, anapika. Kwa daftari la bwana shamba hizo zilikuwa magugu. Baadaye sukuma wiki na kabichi zikapangwa kwa mistari kwenye mashamba ya mfano, na somo likaeleweka bila kusemwa: mboga ya mistari ni ya watu walioendelea, mboga ya kando ya zizi ni ya walioachwa nyuma.

Somo hilo lilifika mpaka kwa dani yangu kule Karachuonyo. Mwaka jana tarehe 25 nilikuwa nimemaliza kupanga saladi, kila rangi na mstari wake, nikaingia jikoni kutafuta chumvi. Nikakuta chungu cha dek kimefunikwa. Amekipika tangu jana yake, kwa maziwa, kwa moto mdogo, vile dek inataka ili uchungu ulegee. Nikamwuliza mbona hakijatoka.

"Hiyo ni ya siku zote, nyakwara," akasema. "Mgeni utampa ya siku zote?"

"Dani, wageni wenyewe ni watoto wako."

Akacheka, akanipa chumvi, akaniambia nitoke jikoni mwake.

Jioni, watu wakiwa wamepungua, waya, dada ya baba yangu anayeishi Nairobi, aliingia jikoni peke yake. Nilipomfuata nilimkuta amekaa kwenye kigoda, anakula hiyo dek na kuon baridi, kwa mkono, bila kuongea. Huko Nairobi ananunua dek kwa fungu dogo, kwa bei ya kuumiza. Mamake alikuwa ameificha hapa, kwa sababu aliona haifai kuwekwa mbele yake. Manze, hiyo iliniuma. Mtu amepika siku mbili kitu anachokijua kuliko mtu yeyote kwenye hilo boma, halafu anakifunika kwa sababu mahali fulani, miaka mingi iliyopita, aliambiwa hakitoshi.

Na kinatosha. Kuanzia miaka ya 1990 wasomi kama Profesa Mary Abukutsa-Onyango wamekuwa wakifanya utafiti juu ya mboga za asili za Kiafrika, na wameonyesha zina lishe ambayo kabichi haioni hata kwa mbali. Mwaka wa 2021 UNESCO iliiweka kazi ya Kenya ya kurudisha vyakula vya asili kwenye orodha yake ya mifano bora ya kulinda urithi. Dunia imepiga makofi. Sisi bado tunafunika chungu.

Sasa sikiliza hii, ndiyo ninayoipenda zaidi. Mboga za majani zina madini ya chuma, lakini mwili huyachukua kwa shida yakiwa peke yake. Kinachosaidia ni vitamini C. Na vitamini C iko wapi? Kwenye nyanya mbichi, hoho na ndimu. Yaani kijiko cha kachumbari pembeni ya osuga kinaifanya osuga ifanye kazi vizuri zaidi. Karoti nayo inataka mafuta ili mwili upate vitamini A yake, na mafuta yako kwenye ovakado. Hawa watu hawakupaswa kutenganishwa hata siku moja.

Najua kuna mtu amesoma mpaka hapa akitafuta namna ya kutengeneza, kwa hivyo chukua. Kata vitunguu vyembamba, vitie chumvi, vifikiche kwa mkono, kisha uvisuuze mara mbili; ukali utaondoka na wageni hawatalia. Nyanya chagua ngumu, toa mbegu na maji yake, la sivyo bakuli litageuka supu kabla ya sala kuisha. Karoti na kabichi ya zambarau kata kama nyuzi. Hoho na tango, vipande vidogo. Dania iingie mwisho. Ovakado ikatwe watu wakiwa wanakaa, na ndimu ikamuliwe hapo hapo ili isigeuke nyeusi. Kama unaweka mayonezi, weka pembeni, na usiiache juani.

Na tafadhali, osha kila kitu kwa maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa. Sisi ni watu wa ziwa, na kipindupindu tunakijua kwa jina na kwa sura. Hapo pia bibi zetu walikuwa mbele. Kupika mboga mpaka ziive haukuwa ushamba. Moto ulikuwa unaua kile ambacho macho hayaoni. Ukiamua kula kibichi, kazi ya moto inabidi ifanywe na maji yako.

Safari yenyewe bado haijaisha. Mama yangu anauza mboga Migori. Kitunguu chake mara nyingi kimetoka Tanzania kupitia Sirari na Isebania, kikavuka mpaka ambao Waingereza na Wajerumani waliupiga rula mwaka wa 1886 bila kumwuliza Mkuria wala Mjaluo. Ovakado zinamshukia kutoka Kisii. Osuga anauziwa na mama mmoja anayeichuma alfajiri, ikiwa bado na umande. Kwenye meza yake vyote vimekaa bega kwa bega, na havijawahi kugombana. Wateja ndio huja na vyeo vyao.

Hata sisi Wajaluo, tukiwa wakweli, tulikuja. Profesa Bethwell Ogot aliandika kitabu kizima mwaka wa 1967 kuhusu safari ya wazee wetu kutoka upande wa Sudan Kusini, kupitia Uganda, mpaka kwenye fukwe hizi. Tulikuja na ng'ombe na wimbi. Hakuna anayetuuliza sisi ni wa wapi tukiwa tumekaa chini ya mwembe wetu. Na usinifanye nianze kuhusu huo mwembe, maana embe nalo lilitoka India.

Mwaka huu nimeshatangaza nyumbani. Saladi nitakata mimi, rangi zote, hata hoho nyekundu tutachanga. Lakini chungu cha dek kinatoka jikoni kwanza, kinakaa katikati ya meza, halafu saladi inakaa kando yake kama binamu aliyetoka mbali. Dani bado hajakubali. Amesema ataona kwanza wageni ni akina nani.